Dawa zipo, lakini mdogo wangu hathubutu kuzifuata

Assalaam alaykum Shangazi,

Mie ni mke wa mtu, nina watoto, naishi Pemba upande wa kaskazini. Nakuomba usitaje jina langu wala kijiji chetu, maana huku mtu akikohoa Konde anasikika Wete.

Nina mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama yetu. Tokea mdogo alikuwa laini, mwendo wake na sauti yake si kama wenziwe, akipenda kukaa jikoni na sisi kuliko kwenda kiwanjani. Majina aliyokuwa akiitwa njiani akitoka skuli siyaandiki hapa. Alipomaliza masomo alivuka Unguja, akajifunza ushoni, akapata kazi mjini, na kila mwezi alikuwa akimtumia mama pesa ya matumizi. Tulimzoea hivyo: yuko mbali, sisi hatumuulizi na yeye hasemi.

Ramadhani ya mwaka huu wa 2025 alikuja kufunga nyumbani, akasema Idi ikipita atarudi. Hakurudi. Mama alifurahi, akasema mtoto amechoka na mji, sasa aoe. Amepatikana msichana wa kwa jamaa zetu, mtulivu, amesoma. Wazee wake hawana pingamizi ila wameomba wote wawili wapimwe damu kabla ya posa kujibiwa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mdogo wangu alikataa kupima. Kaka yetu mkubwa akaja juu, akamuuliza mbele ya watu anaogopa nini kama hana la kuficha. Usiku ule hakula kwetu wala hakulala ndani.

Siku ya pili alikuja kwangu mume wangu alipokuwa kazini. Aliniambia ana virusi vya UKIMWI na ameishi navyo kwa miaka. Halafu akaniambia na lile jengine, ambalo nadhani nilikuwa nalijua bila ya kutaka kulijua.

Shangazi, nilidhani ataniambia jinsi alivyoteseka huko mjini. Badala yake alinihadithia jinsi alivyotunzwa. Alisema Ng'ambo, mitaa ya mjini Unguja, kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili, haina kibao mlangoni, ambako watu kama yeye walikuwa wakikutana. Walikuwapo waelimishaji rika, nao ni wenzao hao hao. Mmoja wao ndiye aliyempima, akakaa naye majibu yalipotoka, akampeleka kliniki siku ambayo alijua kwamba muuguzi wa zamu ana ubinadamu. Baadaye akawa anachukua dawa hapo hapo bila ya kupanga foleni. Akichelewa kwenda, yule mwenzake anampigia simu. Anasema kwa miaka hiyo dawa hakuzikosa, hata akisafiri kwenda msibani alizibeba.

Mwanzo wa mwaka huu wakaambiwa fedha za wafadhili zimesimama, nyumba ikafungwa. Akaenda mwenyewe kwenye kliniki ya kawaida. Mtu wa mapokezi alimuuliza kwa sauti kama yeye ni mwanamme au mwanamke, kisha akawaita wenzake waje wamtazame. Aliondoka kabla jina lake halijaitwa. Akapanda boti kuja nyumbani na dawa zilizobaki, nazo zilimalizika muda mfupi baada ya Idi. Sasa tunaingia Mfunguo Tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, na hana kitu. Anasema bora afe nyumbani kuliko akae tena kwenye benchi lile.

Mie ni Muislamu, nasali, na najua dini inasemaje. Lakini huyu nimembeba mgongoni. Nataka kujua: nikimsaidia ninashirikiana naye katika dhambi? Nimwambie mama, au kaka, ili ajue kwa nini posa haiwezekani? Dawa atazipata wapi kwenye kisiwa hiki kidogo bila ya kuumbuka? Na niogope kwa watoto wangu, maana wanakula naye sinia moja?

Dada mtu, Pemba

*

Waalaykum salaam mwanangu,

Nitaanza na dawa, kwa sababu mambo mengine yote uliyoyauliza yanaweza kungoja na hili haliwezi.

Dawa alizokuwa akinywa haziui virusi, zinavifubaza. Akiacha, virusi vinaanza kuzaana tena ndani ya wiki chache, na yeye hatosikia chochote. Hili ndilo linalowadanganya wengi. Mtu anaacha dawa, anajiona ana nguvu zile zile, anakula, anacheka, anajiambia kumbe naweza kuishi bila hizi. Kinga inashuka kimya kimya, na siku inapodhihirika mara nyingi inakuja na kifua kikuu, ambacho ndicho kinachoua watu wengi zaidi wenye virusi. Kwa hiyo mtazame. Akiwa na kikohozi kisichoisha, homa za jioni, jasho la usiku, anapungua mwili, au ana utando mweupe mdomoni, msingoje wiki ijayo, nendeni siku hiyo hiyo.

Akiwa hana lolote kati ya hayo, nendeni wiki hii. Mwambie kurudi baada ya kuacha si jambo geni kwa wahudumu wa kliniki hizi. Wanapokea watu waliopotea kila siku, na kazi yao ni kuwarudisha. Asiazime vidonge vya mtu mwengine wala asinunue vya kichochoroni. Atapimwa, ataulizwa ameacha tangu lini, naye aseme kweli, kwani wanachokitaka ni kujua kama dawa ile ile bado itamfaa. Siku hizi wagonjwa wengi wanapewa kidonge kimoja kwa siku, chenye dolutegravir ndani yake, na dawa hiyo haizoewi na virusi kirahisi kama zile za zamani. Kwa hiyo matumaini ni makubwa kwamba ataendelea pale alipoachia. Huenda mwanzo akapewa dawa za muda mfupi mpaka wingi wa virusi upimwe tena, na akishatulia atapewa za miezi 3, au hata 6 kwa mara moja. Hilo ni muhimu sana kwake: kwenda kliniki mara mbili kwa mwaka ni jambo linalobebeka hata kwa mtu mwenye khofu kama yake. Dawa hizi hazilipiwi kwenye spitali za serikali. Na Ramadhani ijayo ikimkuta, kidonge kimoja kwa siku kinaingia vizuri baada ya futari au wakati wa daku, hana haja ya kuchagua baina ya saumu yake na dawa yake.

Sasa wapi. Najua Pemba ilivyo. Lakini hakuna anayemlazimisha kutibiwa karibu na kwao. Nyinyi mko kaskazini. Ipo spitali ya Chake Chake, ipo ya Abdalla Mzee kule Mkoani, na mtu wa Wete akishuka Mkoani hakuna wa kumuuliza amefuata nini. Muulize kama anayo kadi yake ya kliniki ya Unguja. Akiwa nayo, aende nayo. Akiwa hana, asibaki nyumbani kwa sababu ya kadi. Watawasiliana na kliniki yake ya zamani, au watamfungulia jalada upya.

Safari ya kwanza nenda naye wewe. Hili nakusisitizia kuliko yote. Vaa buibui lako, kaa karibu yake kwenye benchi, na kabla hajafika mapokezi muulizie msimamizi wa kliniki, umwambie kwa utulivu: huyu ni ndugu yangu, alikuwa akitibiwa Unguja, tunataka aendelee. Mwanamme laini anayekaa peke yake kwenye benchi ni rahisi kuchezewa. Aliyekaa na dada yake ana mtu wa kumuulizia, na watu wenye tabia ya kudhalilisha wenziwao wanalijua hilo. Ili apewe dawa hahitaji kumwambia mtu yeyote anampenda nani. Ila akimpata muuguzi anayemuamini, baadaye, ni vizuri yule muuguzi ajue, kwa sababu yapo maradhi ya zinaa, kama kisonono na kaswende, ambayo kwa mwanamme wa namna yake hujificha mahali ambapo mhudumu asiyejua hatoangalia.

Yupo na yule kijana wa Ng'ambo, mwelimishaji rika wake. Nyumba imefungwa lakini yeye hakufa. Mwambie mdogo wako ampigie leo. Waelimishaji hawa wanajua muuguzi gani ana ulimi wa kutunza, yuko wapi, na zamu yake ni lini, na ujuzi huo haukuwa mali ya mfadhili. Aidha kuna ZAPHA+, jumuiya ya watu wanaoishi na virusi hapa Zanzibar, iliyoanzishwa na wenyewe mwaka 1994, wakati watu wengi walikuwa hawathubutu hata kulitaja gonjwa kwa jina. Wana watu wao Pemba. Huko atasema tu kwamba anaishi na virusi na ameacha dawa. Zaidi ya hapo hadaiwi maelezo.

Watoto wako wako salama. Sinia moja, kikombe kimoja, kumkumbatia, kulala chumba kimoja, mbu, choo, havileti virusi. Wembe na sindano tu ndivyo vya kila mtu kuwa na chake, na hiyo ni kanuni ya kila nyumba hata isiyo na mgonjwa. Usimtengee sahani. Ataiona siku ya kwanza, na ataelewa.

Umeniuliza kuhusu dhambi. Mimi si mwanachuoni, na maswali ya halali na haramu yana watu wake. Lakini sidhani kama kuna mwanachuoni atakayekwambia umwache ndugu yako afe kwa ugonjwa ambao dawa yake ipo. Kumpeleka mtu kwa daktari ni kumhifadhi uhai, na uhai si wako wala si wake. Sisi tumelelewa na hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na akhera. Na katika Suratul Hujuraat tumekatazwa kupelelezana. Nayasema haya kwa sababu nimeona watu wakiyasahau yote mawili mara tu wanaposikia habari ya mtu wa namna ya mdogo wako. Wanakuwa wepesi wa kuchungulia na wazito wa kusitiri, halafu wanadhani wameitetea dini. Wewe amekuja kwako akakukabidhi siri mbili zinazoweza kumvunjia maisha yake. Hiyo ni amana. Itunze.

Kwa maana hiyo usimwambie mama, wala kaka khasa. Hata kwa nia njema, hata ukiapishwa. Habari ya damu yake ni yake yeye kuitoa au kutoitoa, na Zanzibar ina sheria yake ya UKIMWI inayomtaka hata mtoa huduma atunze siri ya mgonjwa, sembuse dada. Siku akitaka mama ajue, atakuomba ukae naye. Mpaka hapo, ukiulizwa, jibu lako ni moja: muulizeni mwenyewe.

Na mwanangu, nataka uifahamu vizuri ile nyumba ya vyumba viwili, maana nahisi uliishangaa.

Ugonjwa huu uliripotiwa Zanzibar kwa mara ya kwanza mwaka 1986. Kwa watu wote kwa jumla, walioambukizwa hapa ni chini ya mmoja kati ya kila mia, kiwango cha chini sana ukilinganisha na sehemu nyingi za Bara. Lakini mwaka 2007 walipopimwa wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume hapa Unguja, walikutwa na virusi zaidi ya 12 katika kila mia. Unajua walipatikanaje kupimwa? Si kwa kipaza sauti wala kwa sheha kupita nyumba kwa nyumba. Walianza wachache, kila mmoja akapewa vikuponi vya kuwaalika wenziwe anaowajua, na hao wakaalika wengine, mpaka wakafika kiasi cha watu 500. Hakuna afisa wa serikali ambaye angeweza kuwatafuta akawapata. Utafiti uliporudiwa miaka michache baadaye kiwango kilionekana kimeshuka mpaka chini ya 3 katika mia. Sitodai kwamba kushuka kote kule ni kazi ya kikundi fulani, kwa sababu waliopimwa mara ya pili hawakuwa wale wale. Ninachokisema ni kwamba watu hawa wanafikiwa na wenzao tu, na kila palipokuwa na mwenzao aliyefunzwa, mwenye vipimo mkononi na simu iliyo wazi, ndipo dawa zilipofika.

Kwa hiyo mdogo wako alipokuhadithia kwamba alitunzwa, alikuwa anakupa taarifa ya kitabibu. Kidonge alichokuwa akikinywa mjini ndicho kile kile kilichoko Pemba leo. Sehemu kubwa ya dawa za virusi vya UKIMWI za nchi hii hununuliwa kwa fedha za Mfuko wa Dunia, ule wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria, na hazikuondoka kabatini. Januari 2025 Rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje, amri za kusimamisha kazi zikafuata ndani ya siku chache, na baadaye matibabu yakaruhusiwa kuendelea. Lakini waelimishaji rika, nauli zao, kodi ya vyumba vyao, simu ya kumkumbusha aliyechelewa, vilihesabiwa kuwa ni vitu vya pembeni. Hata dawa ya kinga, ile inayonywewa na mtu asiye na virusi ili asiambukizwe, kwa fedha zile iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Nina uchungu na uamuzi ule, na nina uchungu zaidi kwamba sisi wenyewe tuliacha kazi ya kuwalinda watoto wetu ikae mikononi mwa fedha ya mtu wa mbali kiasi kwamba saini moja iliweza kuivunja. Vyumba viwili Ng'ambo si gharama ya kuishinda nchi. Tulikuwa hatutaki kuonekana tunailipa.

Na khofu ya mdogo wako usiihesabu kuwa ni udhaifu. Sheria yetu ya jinai inawafunga watu wa jinsia moja wanaojamiiana. Mapema mwaka 2017 Wizara ya Afya ya Bara ilivifunga vituo 40 vilivyokuwa vikiwahudumia watu kama yeye. Septemba mwaka huo huo polisi waliingia kwenye hoteli moja hapa Unguja wakawakamata watu 20 waliokuwa kwenye mafunzo ya mambo ya virusi vya UKIMWI. Kijana aliyekuwa mjini miaka hiyo anayakumbuka. Kwa hiyo msaidie na upande huu pia: mambo haya msiyaandike kwenye simu, wala msirekodiane sauti. Simu za kwetu zinapita mikono mingi. Zungumzeni ana kwa ana.

Sehemu inayofuata ni yake yeye, si yako. Mpe aisome mwenyewe.

Mwanangu, ukirudi kwenye dawa na ukazinywa kila siku, baada ya miezi kadhaa kipimo kitaonesha virusi havionekani. Vikibaki hivyo, humuambukizi mtu kwa kujamiiana. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2019 ulizifuata jozi karibu 800 za wenza wa kiume, katika kila jozi mmoja ana virusi yuko kwenye dawa na mwenziwe hana, wakijamiiana bila ya mpira, na hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake. Lakini hivi sasa umeacha, kwa hiyo hivi sasa unaweza kuambukiza. Tumia mpira, na usitumie mafuta ya nazi wala mafuta ya kujipaka pamoja nao, maana mafuta yanaula mpira ukapasuka. Kinachofaa ni kilainishi cha maji. Ikiwa yupo mtu uliyekuwa naye tangu dawa ziishe, mwambie akapime. Kama ni ndani ya saa 72, akimbilie spitali akapewe dawa za dharura, azinywe siku 28. Ukiona haya kumwambia, mwombe yule mwelimishaji wako akusaidie. Alifunzwa kwa hilo. Uliulizwa swali la kuudhi na mtu aliyelipwa kukuhudumia, na aibu ile ni yake. Usimpe na uhai wako juu.

Sasa posa. Hapa mwanangu nitasema na wewe dada mtu kwa ukali kidogo, kwa sababu katika barua yako nzima yule msichana ametajwa mara moja tu, kwamba ni mtulivu na amesoma. Ana mama yake pia, na ndoto zake. Najua wako watakaokwambia amuoe tu, atabadilika, Mungu atamfungulia. Nimepokea barua za wanawake walioolewa kwa namna hiyo. Wanakaa miaka wakijiuliza wana kasoro gani hata mume hawatazami, mpaka wanajichukia wenyewe. Kumficha maradhi ni dhulma moja, kumpa mume asiyeweza kumpenda ni dhulma ya pili, na ya pili haina kidonge. Wazee wake wamefanya jambo la busara kuomba vipimo. Wewe usiwasaidie watu wako kuwazunguka, na hasa usikubali ile hila ya kumpeleka mtu mwengine akapimwe kwa jina lake. Inafanyika, usiseme haipo.

Njia ni kuiondoa posa kabla ya kipimo kuwa ndio mazungumzo. Aende mwenyewe kwa mama, mchana, kaka akiwa hayupo, amwambie hajawa tayari kuoa: kazi imekatika, hana pa kumweka mke, na hataki kumuahidi mtoto wa watu kitu asichonacho. Kila neno hapo ni la kweli. Wewe kaa ukimuunga mkono, useme umri bado upo. Mama atanuna. Wacha anune, ni mama, atarudi. Kisha upande wa msichana wapelekewe salamu za heshima mapema, asikae binti wa watu akingoja.

Kuhusu kaka yenu, ukali wake nadhani una khofu ndani yake, khofu ya watu watasema nini. Huwezi kuiondoa kwa hoja. Ila unaweza kukataa mdogo wenu asimangwe mbele ya watu nyumbani kwako, na hilo una haki ya kulisema kwa kaka, kwa adabu, bila ya kutoa sababu.

Nakuomba pia usimng'ang'anize kubaki Pemba. Ana ufundi wake, ana watu wake mjini waliomjua na kumshika. Huenda akishapata dawa na nguvu zikarudi atataka kuvuka, na huko kuna wenzake ambao sasa hivi wanajikusanya upya kwa michango yao midogo bila ya mfadhili yeyote. Akienda, mpigie simu. Muulize amekula nini. Muulize na dawa, kwa maneno yenu mtakayopatana wawili.

Mkishakwenda kliniki niandikie, uniambie mmepokewa vipi na ni mhudumu wa namna gani mliyemkuta. Sitolitaja jina lake hapa. Lakini ninazo barua nyengine kutoka Pemba, na mmoja wa walioandika anauliza swali lile lile la mdogo wako, naye hana dada wa kwenda naye.

Shangazi